Mbona Hana Uso?

Bibi alilishika gazeti kwa mikono miwili, akalisogeza mbali na macho, akalirudisha karibu, kisha akauliza swali ambalo sijalisahau mpaka leo: "Sasa mwanangu, mbona hana uso?"

Picha ilikuwa yangu. Nilikuwa nimetumwa kuandika habari ya wasichana wanaofanya mazoezi ya kuruka chini, yaani miruko mirefu, kwenye kiwanja kimoja cha vumbi hapa Dar es Salaam. Siku hizi mwandishi ndiye mpiga picha, ndiye dereva, ndiye mhariri wa video, kwa hiyo nikaenda na kamera yangu. Ilikuwa saa saba mchana. Mjukuu wa yule bibi, binti wa miaka kumi na sita, alikimbia, akakanyaga ubao, akapaa. Nikabonyeza. Kwenye kioo kidogo cha kamera niliona kila kitu kimeganda sawasawa: miguu mbele, mikono juu, punje za mchanga zinaning'inia hewani kama zimefungwa kwa uzi. Nikajipongeza.

Wiki ileile picha ikatoka. Karatasi ya gazeti haina huruma. Kile ambacho kwenye kioo kilikuwa uso wenye kivuli kidogo, kwenye karatasi kikawa doa jeusi. Jua lilikuwa utosini, paji la uso likatupa kivuli machoni, na anga jeupe lililokuwa nyuma yake likamalizia kazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutokea gazetini, na bibi aliyemlea hakuweza kumtambua ila kwa maneno yaliyoandikwa chini ya picha.

"Ni jua, Bibi," nilimjibu.

"Jua si lipo kila siku? Na nyuso tunaziona."

Sikuwa na la kusema. Nikaaga, nikarudi nyumbani, nikaanza kutafuta taa. Nilitaka flashi kubwa kama za studio, lakini ya kubebeka, yenye betri, ya kugandisha mtu anayeruka juani. Nilidhani natafuta kifaa. Nikajikuta nasoma historia ya zaidi ya miaka 170, na ndani yake mna jibu la swali la bibi kuliko nililolipata katika maelezo ya muuza vifaa yeyote.

Historia hiyo inaanzia gizani. Tarehe 14 Juni 1851, katika jengo la Royal Institution jijini London, William Henry Fox Talbot alibandika ukurasa wa gazeti la The Times kwenye gurudumu. Chumba kikatiwa giza. Gurudumu likazungushwa kwa kasi, na Talbot akafungua lenzi ya kamera bila haraka yoyote, maana gizani lenzi iliyo wazi haioni kitu. Kisha akaachia cheche moja ya umeme uliokuwa umehifadhiwa katika chupa za Leyden. Picha ilipotengenezwa, maneno ya gazeti yalisomeka.

Tutafakari hapo kidogo. Kamera za wakati ule zilihitaji sekunde nyingi kupata picha ya mtu aliyekaa ametulia. Kamera ya Talbot haikuwa na kasi yoyote ya ajabu. Kasi ilitoka kwenye mwanga wenyewe. Cheche iliwaka na kuzimika kabla gurudumu halijapata nafasi ya kusogea, na kwa kuwa kabla yake kulikuwa giza na baada yake kulikuwa giza, picha ilirekodi kile kipande kidogo cha muda tu. Hili ndilo somo la kwanza la flashi, na karibu kila kosa nililolifanya baadaye lilitokana na kulisahau: flashi hugandisha mwendo pale inapokuwa ndiyo mwanga pekee unaohesabika.

Njia ya pili ilikuja miaka 27 baadaye, nayo ni ya juani. Mnamo Juni 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi. Aliyemlipa alikuwa Leland Stanford, tajiri wa reli na gavana wa zamani wa jimbo hilo, aliyetaka kujua kama farasi anapokimbia kuna wakati kwato zote nne zinaacha ardhi. Farasi alikata nyuzi zilizotandazwa njiani, kila uzi ukafyatua shata ya kamera moja. Jibu likapatikana: ndiyo, kuna wakati farasi yuko hewani kabisa.

Muybridge hakuwa na cheche. Alikuwa na jua la California na shata zilizofunguka na kufunga upesi mno. Ukiziangalia picha zake za mwaka ule, utaona kwato, utaona miguu, utaona umbo la mpanda farasi. Uso wa mpanda farasi huuoni. Shata ilikuwa ya haraka kiasi kwamba mwanga uliopita ulitosha kuonyesha ukuta mweupe wa nyuma, na mbele yake farasi na mtu wakabaki karibu vivuli vitupu. Nilipozitazama tena baada ya kutoka kwa bibi, nilicheka peke yangu. Miaka zaidi ya mia moja na arobaini baada ya Muybridge, nikiwa na kamera yenye kompyuta ndani yake, nilikuwa nimepiga picha ileile ya kivuli kinachoruka.

Basi njia ni mbili. Kugandisha kwa mwanga, ambako kunataka giza, na kugandisha kwa shata, ambako kunataka mwanga mwingi. Sehemu kubwa ya historia iliyofuata ni ya watu waliojaribu kuzioanisha.

Mwaka 1887, Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walichanganya unga wa magnesiamu na kemikali za kuuchochea, wakapata unga wa kulipuka uliotoa mwanga mkali. Waandishi wa magazeti waliupokea kwa furaha, nao uliunguza nyusi, mapazia na wakati mwingine watu. Ulitoa mwanga, lakini haukugandisha, kwa sababu mlipuko wa unga ni wa polepole ukilinganisha na cheche. Mwaka 1929, Ujerumani hiyohiyo ikaleta sokoni balbu ya Vacublitz, yenye karatasi nyembamba ya metali inayoungua ndani ya kioo. Moshi ukakoma, hatari ikapungua. Lakini balbu za aina hiyo zilizokuja kuzoeleka kwa waandishi zilichukua kama milisekunde 20 kufikia kilele cha mwanga wake, na kila moja iliungua mara moja tu, ikatupwa. Mpiga picha wa michezo alitembea na mfuko wa balbu kama muuza mayai.

Aliyeirudisha cheche ya Talbot akaipa nguvu alikuwa mhandisi, wala hakuwa na habari na michezo. Harold Edgerton, mzaliwa wa Nebraska, alikuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT mwishoni mwa miaka ya 1920, akichunguza mota za umeme. Aligundua kuwa akiimulika mota kwa taa inayowaka na kuzimika kwa mpigo unaolingana na mzunguko wake, sehemu inayozunguka huonekana imesimama tuli. Kufikia mwaka 1931 alikuwa ameshaunda stroboskopu yake, kisha akaanza kumulika kila kilichopita mbele yake: maji ya bomba, tone la maziwa, risasi, mbawa za ndege. Pamoja na wenzake Kenneth Germeshausen na Herbert Grier, alijenga msingi wa flashi ya kielektroniki tunayoijua leo.

Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Kuna kapasita, nayo ni kama pipa la umeme. Unalijaza polepole kutoka kwenye betri au ukutani. Kuna mrija wa kioo wenye gesi, siku hizi zenoni. Umeme mdogo wa volti kubwa unaiamsha gesi ile, na papo hapo pipa zima linamwagika kupitia kwenye mrija. Mwanga unaotoka ni mkali na mfupi sana, kisha unaanza kujaza tena.

Mwaka 1934 Edgerton alimpiga picha Wes Fesler, mchezaji na kocha wa futiboli ya Kimarekani, akipiga teke. Kiatu kimezama ndani ya mpira kama kidole ndani ya andazi. Hakuna jicho lililowahi kuona kitu hicho, japo mipira ilikuwa imepigwa mateke tangu zamani. Gjon Mili, Mwalbania aliyekulia Romania na kusomea MIT, akauchukua ufundi huo akaupeleka kwenye jarida la Life, akawapiga picha wachezaji dansi na wanamichezo. Lakini angalia walipofanyia kazi: ndani, mbele ya pazia jeusi. Fesler alikuja kupiga teke kwa ajili ya kamera. Giza la Talbot lilikuwa bado ni sharti.

Picha ya michezo iliyonifundisha zaidi kuhusu taa ni ya pambano halisi, ambalo hakuna aliyeweza kuomba lirudiwe. Tarehe 25 Mei 1965, mjini Lewiston, jimbo la Maine, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza. Neil Leifer wa Sports Illustrated alikuwa na miaka 22. Juu ya ulingo zilining'inizwa flashi kubwa za kielektroniki, na kwenye kamera mlikuwa na filamu ya rangi. Filamu ya rangi ya wakati ule ilikuwa nzito kushika mwanga, kwa hiyo bila flashi zile isingewezekana. Ali alisimama juu ya Liston, mkono umekunjwa kifuani, mdomo wazi, anamfokea aamke. Leifer akabonyeza.

Picha hiyo unaijua hata kama hujui kuwa unaijua. Ambacho wengi hatukifikirii ni kwamba flashi zile zilihitaji muda wa kujaa tena. Mwenzake wa filamu nyeusi na nyeupe, anayetumia mwanga wa ukumbi, aliweza kupiga mfululizo. Leifer alikuwa na nafasi moja kwa tukio moja. Akibonyeza mapema mno, Ali anasimama pale pipa likiwa tupu. Na kati ya miguu ya Ali, upande wa pili wa ulingo, anaonekana Herb Scharfman, mpiga picha mwenzake mkongwe zaidi, amekaa upande usiofaa. Leifer mwenyewe amekiri miaka mingi baadaye kwamba bahati ya kiti ilikuwa upande wake. Picha haikuwekwa hata jaladani wiki ile.

Ninachokiona mimi katika picha hiyo ni uso. Mwanga unatoka juu, kama jua langu la saa saba, lakini umepangwa: ni taa kadhaa zilizotawanywa, na sakafu nyeupe ya ulingo inaurudisha mwanga kutoka chini. Nyuma ni giza la ukumbi. Macho ya Ali, meno, jasho la begani, vyote vipo. Ngozi nyeusi haikuwa tatizo pale, na haikuwa tatizo kwenye kiwanja changu cha vumbi pia. Tatizo langu lilikuwa kwamba nilimwachia jua afanye kila kitu peke yake, halafu nikaweka anga jeupe nyuma ya mtoto.

Sasa tutoke nje na flashi yetu. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea, na mimi nilikaribia sana kupoteza zangu.

Hesabu ni hii. Kwenye jua kali la mchana, filamu au sensa ya ISO 100 inataka tundu la lenzi la f/16 na shata ya 1/100 ya sekunde, au kitu kinacholingana na hicho. Mimi nilitumia f/4 na 1/2000, ambayo ni sawa na hiyo. Lakini kamera nyingi zenye shata ya mapazia mawili haziwezi kupokea flashi ya kawaida kwa kasi inayopita kama 1/250. Juu ya hapo, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na sensa inapata mwanga kupitia ufa unaotembea. Flashi ikiwaka, inaangaza ule ufa tu, na picha inatoka na mkanda mweusi.

Kwa hiyo unashuka mpaka 1/250. Binti anayekimbia mita 7 kwa sekunde anasogea karibu sentimita 3 katika muda huo, na mguu unaotupwa mbele unasogea zaidi. Flashi itamgandisha, sawa, lakini jua nalo halijalala. Jua linaendelea kumwandika katika muda wote huo wa 1/250. Matokeo yake unapata watu wawili katika picha moja: mmoja mkali wa flashi, na mwingine wa ukungu, kama roho inayomtoka. Talbot angelielewa hilo mara moja. Chumba hakina giza.

Mtu wa kwanza kukushauri atakwambia nunua taa yenye nguvu zaidi, ili ulishinde jua. Ushauri huo ni nusu tu. Nguvu ya flashi hupimwa kwa wati-sekunde, yaani ukubwa wa pipa. Pipa kubwa lina mwanga mwingi, lakini pipa kubwa huchukua muda mrefu kumwagika kuliko kikombe. Taa nyingi za betri za wati-sekunde 500 au 600, zikiwashwa kwa nguvu zote, mwanga wake unachukua muda usiopishana sana na ule wa shata ya 1/250. Unakuwa umelishinda jua kwa taa isiyogandisha kitu.

Halafu kuna ujanja wa maandishi ya kwenye boksi. Muda wa flashi hutajwa kwa namna mbili. Ya kwanza, t0.5, huhesabu muda ambao mwanga uko juu ya nusu ya kilele chake. Ya pili, t0.1, huhesabu mpaka mwanga umeshuka kufikia sehemu ya kumi, yaani pamoja na mkia wake. Mkia huo ndio unaochora ukungu kwenye vidole na kwenye mchanga. Kwa flashi ya kawaida, muda wa t0.1 ni kama mara tatu ya ule wa t0.5. Anayekuuzia taa ya 1/1000 bila kusema ni kipimo gani, huenda anakuuzia 1/300.

Na kuna swali la jinsi taa inavyopunguza nguvu. Flashi nyingi za studio za zamani hupunguza volti, kama kupunguza shinikizo la maji: mwanga unapungua, lakini unamwagika kwa kujivuta, na muda unaweza kuongezeka. Taa zenye swichi ya transista ya IGBT hufanya kinyume. Zinafungua bomba kwa nguvu, kisha zinalifunga ghafla kabla maji hayajaisha. Mkia unakatwa. Kadiri unavyopunguza nguvu ndivyo mwanga unavyokuwa mfupi. Ndiyo maana flashi ndogo ya juu ya kamera, ikiwekwa nguvu ya chini kabisa, inaweza kufika 1/20,000 na zaidi, wakati kaka yake mkubwa wa studio anahangaika.

Wapo waliozunguka kikwazo cha shata kwa njia nyingine. Hasselblad 500C ya mwaka 1957 iliweka shata ndani ya lenzi yenyewe, ya majani yanayofunguka kutoka katikati, na hiyo inapokea flashi mpaka 1/500 bila mkanda mweusi. Wapiga picha wa skateboard huko Marekani walizipenda kamera za namna hiyo na flashi za betri zilizosimamishwa pembezoni mwa ngazi na madimbwi makavu ya kuogelea. Mwaka 1986 Olympus ikatoa flashi ya F280, ambayo badala ya kuwaka mara moja ilitetema mfululizo kwa muda wote ambao ufa wa shata unapita. Sasa ungeweza kutumia 1/2000 juani. Njia hiyo leo iko karibu kwenye kila flashi ya maana. Lakini tazama kilichotokea: anayegandisha hapo ni shata, flashi imegeuka kuwa taa ya kujaza vivuli, na sehemu kubwa ya nguvu yake inapotea ikimulika pazia lililofungwa. Ni njia ya Muybridge, ila safari hii mpanda farasi ana uso.

Kilichobaki kilikuwa uzito. Kwa miaka mingi flashi ya studio ya kubebeka ilimaanisha boksi la betri zito begani na waya mnene mpaka kwenye taa. Mwaka 2006 David Hobby, mpiga picha wa magazeti huko Baltimore, alianza kuwafundisha watu kwenye mtandao namna ya kutumia flashi ndogo tu, zikiwa mbali na kamera, na wengi wakaacha kuota mizigo. Mwaka 2013 Profoto ikatoa B1, taa ya wati-sekunde 500 yenye betri ya lithiamu kwenye kichwa chenyewe, bila waya. Miaka michache baadaye Godox ya China ikaleta AD600 kwa bei ambayo hata mpiga picha wa harusi wa Mbagala angeweza kuipigia mahesabu.

Na kweli, mimi niliipata kwa mpiga picha wa harusi. Baada ya kusoma yote haya nilikuwa na fedha ya kununua taa moja, nikawa naiogopa. Kaka mmoja tunayefahamiana akaniazima ya kwake ya wati-sekunde 600, akasema, "Ukiivunja, utanipigia harusi tatu bure."

Nilirudi kiwanjani kuomba ruhusa. Hapa pana jambo ambalo historia ya vifaa hailisemi sana. Katika mashindano ya michezo mingi flashi hairuhusiwi, kwa sababu inamwasha mchezaji machoni. Anayetaka kutumia taa kubwa karibu na mwanamichezo inambidi amwombe arudie mbele yake, kama Fesler alivyokuja kumpigia Edgerton teke. Yaani mwanamichezo ndiye analipa. Nilimweleza mwalimu wake ninachotaka. Alisikiliza, akatazama ile taa, akatazama magoti ya wasichana wake.

"Miruko sita," alisema. "Basi. Huyu ana mashindano Jumamosi."

Miruko sita ikanifanya nielewe kiti cha Leifer. Kila picha mbovu ni mruko wa bure kwenye magoti ya mtoto wa mtu. Pale ndipo nilipoona kwamba kuchagua taa si kuchagua namba kubwa kwenye boksi. Unajiuliza kwanza: jua liko wapi, na ninaweza kulitoa kwenye hesabu bila kupigana nalo? Kisha: taa inaweza kukaa karibu kiasi gani? Maana ukiisogeza kutoka mita 4 mpaka mita 2, mwanga unaomfikia mtu unakuwa mara nne, na hiyo ni nguvu ya bure. Mwisho: kwa nguvu nitakayohitaji baada ya hapo, muda wake wa t0.1 ni upi? Ukianzia kwenye swali la tatu, utanunua kitu cha ghali. Ukianzia la kwanza, huenda hutanunua.

Tulikubaliana saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa limeshuka nyuma ya shimo la mchanga. Nilimweka binti kati yangu na jua, ili upande wa uso wake uwe kivulini. Hicho ndicho kilikuwa chumba changu cha giza. Taa niliiweka pembeni mwa shimo, nje kabisa ya njia yake, kiasi cha mita 2 na nusu kutoka pale atakapopita, nikaishusha mpaka robo ya nguvu ili IGBT ikate mkia. Shata 1/250. Tundu nikalibana mpaka anga la jioni likawa na rangi badala ya weupe.

Mruko wa kwanza nilibonyeza mapema. Wa pili taa haikuwaka, nikagundua kuwa kitumaji mawimbi kilikuwa kimelegea juu ya kamera. Mwalimu hakusema kitu, alihesabu tu kwa vidole. Wa tatu alifumba macho. Wa nne ulikuwa mzuri. Wa tano alikuja kuangalia kwenye kamera akihema, akacheka kwa kujiona, akasema, "Subiri, mkono wangu unashuka. Mwalimu, kumbe ndiyo maana unanifokea!" Akarudi mwanzo wa njia akiwa anarekebisha bega. Wa sita ndio niliouchagua, na ndio alioruka mbali kuliko yote.

Picha hiyo haikutoka gazetini, habari ilikuwa imeshapita. Nikaichapisha kwa pesa yangu, nikaipeleka.

Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Kila punje ya mchanga ilikuwa mahali pake, lakini hakuziangalia. Akaweka kidole gumba karibu na shavu la mjukuu wake, bila kuligusa.

"Huyu ni yeye," alisema. "Lakini mbona amekunja sura hivi?"

"Alikuwa anaruka, Bibi."

Akaitazama tena, safari hii kwa muda mrefu. "Kumbe inauma," akasema, akaingia nayo ndani.